Maji magumu hayaui: historia ya maji ya Uvira, kati ya mlima na ziwa

Kila mara familia mpya zinapoingia Uvira zikikimbia vita, kutoka milima ya juu, kutoka bonde la Ruzizi ao kutoka upande wa Fizi, ulizo moja linarudi: maji ya hapa yana nini? Mama aliyezoea chemchemi ya mlimani anasugua sabuni ndani ya beseni la maji ya ziwa, povu haliji, na juu ya maji kunabaki utando mweupe. Sufuria ya kuchemshia inashika ukoko. Kwenye ulimi maji yana ka-ladha ka chumvi. Basi neno linapita haraka toka nyumba hadi nyumba: maji ya hapa ni mabaya, ndiyo yanayotuharisha.

Hapo mambo mawili yamechanganywa. Maji kukataa sabuni ni jambo moja. Maji kuleta ugonjwa ni jambo lingine. La kwanza limeanzia kwenye volkano, maelfu ya miaka kabla ya mji huu kuwepo. La pili limeanzia kwenye robine zilizokauka, na wengi wetu tumeliona kwa macho. Tuyafuate yote mawili, moja baada ya lingine, kwa sababu mtu asiyejua adui yake ni yupi anapiga kivuli.

Maji mawili, mji mmoja

Uvira ni mji mwembamba. Upande wa magharibi kuna milima ya Itombwe, upande wa mashariki kuna Ziwa Tanganyika, na sisi tumebanwa katikati. Mito inashuka kwa kasi kutoka milimani na kuukata mji kabla ya kuingia ziwani: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge, na mingine midogo.

Kwa hiyo mtu wa Uvira anaishi na maji ya namna mbili. Maji ya mto yanatoka kwenye mawe ya zamani sana, mawe magumu yasiyoachia chumvi nyingi. Hayo ni maji mepesi, sabuni inakubali. Maji ya ziwa ni mengine kabisa. Yamebeba madini, zaidi magnesiamu, pamoja na kalsiamu kidogo. Madini hayo mawili ndiyo yanayoitwa ugumu wa maji. Yanaishika sabuni kabla haijashika uchafu, yanaigeuza kuwa utando, na ndiyo maana povu linachelewa.

Wataalamu wanapima ugumu kwa miligramu ndani ya lita moja, wakihesabu kana kwamba madini yote ni chokaa. Chini ya 60 maji ni mepesi. Kupita 180 ni magumu sana. Maji ya Ziwa Tanganyika yanakaribia 200. Maji ya Ziwa Kivu, kule Bukavu na Goma, yanapita 300. Kwa hiyo mama anayelalamikia sabuni yake hakosei. Anapima kwa mikono yake kitu kilekile ambacho laboratwari inapima kwa chupa.

Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni halikuweka kiwango chochote cha afya kwa ugumu wa maji, kwa sababu halikuona madhara ya kutosha kuuwekea mpaka. Ule ukoko mweupe wa sufuria ni madini yaliyoganda, ndugu wa chokaa ya ukutani. Unamaliza sabuni na unamaliza makaa, lakini haumwangushi mtu kitandani.

Chumvi iliyotoka kwenye volkano

Kwa nini ziwa letu ni gumu namna hii wakati mito yetu ni mepesi? Jibu liko mbali, kaskazini, kwenye volkano za Virunga.

Zamani, maji ya eneo la Kivu yalikuwa yanatiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano zilipopanda zilifunga bonde kama ukuta. Maji yakakosa njia, yakajaa, na mwishowe, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, yakapata upenyo upande wa kusini. Upenyo huo ndio mto Ruzizi. Toka Bukavu, penye mita karibu 1,460 juu ya bahari, unashuka kilomita zipatazo 117 hadi ziwani kwetu, penye mita karibu 770.

Ruzizi hauleti maji peke yake. Unaleta pia madini ambayo Ziwa Kivu limeyapata kwenye mawe ya volkano na kwenye chemchemi zilizo chini yake. Sehemu kubwa ya chumvi inayoingia Tanganyika kwa mito inaletwa na mto huo mmoja. Na ziwa letu halina haraka ya kuitoa. Maji mengi yanayolitoka yanapanda angani kwa joto la jua, na jua linachukua maji tu, chumvi linaiacha. Njia ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga pale Kalemie, na unatoa kidogo. Ni kama sufuria iliyoachwa motoni huku unaongeza maji ya chumvi kidogokidogo.

Mto uliobishaniwa na wazungu

Njia hiyo ya Ruzizi iliwahi kuwa ulizo kubwa la dunia. Mwisho wa mwezi Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wakati huo Uvira ilikuwa tayari mahali pa biashara ya pembe za ndovu na, kwa uchungu, ya watumwa. Wao walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Nile, na walitumaini kwamba Ruzizi unatoka ziwani kuelekea kaskazini. Wenyeji waliwaambia wazi: mto huo hautoki, unaingia.

Hata hivyo ubishi uliendelea Ulaya kwa miaka 13. Mnamo Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walipanda mtumbwi mpaka kwenye mdomo wa Ruzizi, wakaona maji yanaingia ziwani, sawasawa na walivyosema wenyeji.

Ninaikumbusha habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo inayoeleza chumvi: kama Ruzizi ungekuwa unatoka, ungekuwa unaosha ziwa badala ya kulikoleza. Pili, inaonyesha kwamba maarifa ya maji yalikuwepo hapa kabla ya vitabu. Watu wa pwani hii walijua mto upi unashuka na tope, upi unashuka safi, na saa gani ya kuchota. Walichokuwa hawajakutana nacho ni mji wenye maelfu kwa maelfu ya watu wanaochota mahali pamoja.

Bomba linakuja, watu wanazidi

Shirika la kugawa maji liliundwa wakati wa Wabelgiji, tarehe 30 Desemba 1939. Ndilo tunaloliita Regideso mpaka leo. Uvira ilipopata mtambo wa maji, maji yalichukuliwa mtoni, kwenye Mulongwe, na siyo ziwani. Mto unashuka wenyewe, na maji yake ni mepesi. Ndiyo sababu robine za Uvira, zinapotoka, zinatoa maji ambayo sabuni inayapenda.

Lakini mto wa mlimani una kasoro yake. Mvua ikinyesha juu, maji yanageuka rangi ya udongo. Mashamba yakipanda mlima na miti ikikatwa kwa ajili ya makaa, tope linazidi. Mtambo unapaswa kutia dawa ya kugandisha tope, kungoja litue, kuchuja, halafu kutia klorini. Tope likizidi kipimo, kazi inapungua ao inasimama. Umeme ukikatika, pompi zinalala. Dawa ikikosekana, hivyo hivyo. Robine ikikauka, tafuta sababu katika mambo hayo.

Na wakati huo watu hawakuacha kuongezeka. Vita vya Burundi vya mwaka 1972, na tena baada ya Oktoba 1993, vilileta wakimbizi. Mauaji ya Rwanda ya 1994 yalileta wengine. Oktoba 1996 vita vilipita hapahapa Uvira, makambi yakavunjika. Toka hapo hatujapata pumziko refu. Kila wimbi la wahami linalala kwa ndugu, kwenye masomo, kwenye makanisa, kwenye viwanja vya pwani, na kila familia inahitaji bidoni zake za kila siku. Pale ambapo bomba halifiki, ziwa ndilo robine ya bure.

Kolera inaingia

Kipindupindu, ao kolera kama wengi tunavyoita, hakikuwa ugonjwa wa mababu zetu. Kilifika mashariki ya Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970, kupitia eneo la maziwa, na hakijaondoka. Julai 1994, kule Goma, dunia nzima iliona kinavyofanya watu wakibanana bila maji safi: wakimbizi karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, kwa kolera na magonjwa mengine ya kuharisha. Uvira, Kalemie, Fizi na Goma ni miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huo unarudi mwaka baada ya mwaka.

Hapa ndipo maneno ya mtaani yanapotuponza. Mtu anaonja maji ya ziwa, anasikia chumvi, anasema ndiyo sumu. Anaonja maji ya kijito, matamu na mepesi, anasema haya ni mazuri, anampa mtoto. Lakini kijidudu cha kolera hakina ladha, hakina rangi, hakizuii povu la sabuni. Kinatoka kwenye choo cha mgonjwa, kinapita kwenye kijito, kwenye pwani, kwenye mkono, kwenye bidoni. Kijito chepesi kinachopita chini ya vyoo kinaweza kuua kabla ya jua kuzama. Sufuria iliyojaa ukoko wa ziwa, ikiwa imechemshwa vizuri, haimdhuru mtu.

Hesabu iliyofanywa hapa kwetu

Jambo hilo si maneno ya kuhubiri tu. Lilihesabiwa hapa Uvira. Watafiti walichukua hesabu ya maji yaliyotolewa na mtambo wa Regideso siku kwa siku, toka 2009 hadi 2014, wakaiweka kando ya hesabu ya wagonjwa walioingia kwenye kituo cha kutibia kolera. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Waliona hivi: siku moja bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ambayo mtambo unafanya kazi vizuri, ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wanaoshukiwa kuwa na kolera katika siku 12 zilizofuata. Kwa maneno mengine, pale walipokuwa wagonjwa 10, walikuwa zaidi ya 25. Na kwa kipindi chote, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne, asilimia 23.2, alihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Kuna jambo lingine la kufikirisha. Kartiye zinazotumia maji mengi ya bomba zilikuwa na wagonjwa wachache kwa jumla. Lakini bomba likikatika, hizo ndizo zilizoumia zaidi: kwao sehemu iliyotokana na upungufu ilifika asilimia 31.4. Aliyezoea robine hana mazoea ya kutibu maji. Siku inapokauka, anakimbilia ziwani ama mtoni kama yalivyo, na anakunywa kama anavyokunywa ya bomba.

Hakuna mahali katika hesabu hiyo ambapo ugumu wa maji ulitajwa kuwa muuaji. Kilichohusishwa na ugonjwa ni bomba tupu.

Usiku wa Aprili 2020

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mulongwe na mito mingine ilivunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na maelfu ya familia zilibaki bila makao. Mto uleule unaotunywesha uliharibu pia mitambo ya maji ya Regideso, na mji ukabaki na ziwa pamoja na mito iliyojaa uchafu wa nyumba zilizozama.

Mwaka huohuo kampeni ya chanjo ya kolera ya kunywa ilifanyika Uvira. Vilevile kazi ya kupanua mtandao wa maji, iliyokuwa imepangwa kabla ya mafuriko, iliendelea kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya, Fondation Veolia na Oxfam: tangi, mabomba mapya, robine za jamii na za nyumbani. Kazi hiyo ni ya maana. Lakini bomba jipya bila umeme, bila dawa na bila mto unaolindwa kule juu, ni chuma tu.

Baadaye ziwa lenyewe lilipanda. Mwaka 2024 maji yalifunika nyumba na barabara za pwani, yakaingia kwenye vyoo, na familia zilizokuwa zimehama kwa vita zikahama tena kwa maji. Pwani ya namna hiyo si mahali pa kuchota maji ya kunywa, hata kama yanang'aa.

Pale ugumu unapohusika kidogo

Nimesema maji magumu hayaui. Lakini maji ya ziwa yana tabia nyingine inayotembea pamoja na madini yake, na familia inayotumia klorini inapaswa kuijua.

Maji yetu ya ziwa yako mbali na ukali wa limao. Kwenye kipimo ambacho 7 ni katikati, yenyewe yanakaribia 9. Kijidudu cha kolera kinapenda maji ya namna hiyo. Hata kwenye laboratwari wanakiotesha katika maji yenye kipimo cha karibu 8.6. Na klorini inafanya kazi kwa uvivu ndani ya maji hayo. Klorini ina sura mbili ndani ya maji, moja kali na moja dhaifu. Kipimo kikifika 9, iliyobaki katika sura kali ni chini ya sehemu 5 kwa 100. Dawa haijapotea, lakini inahitaji muda.

Kwa hiyo, wazazi wetu:

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie klorini. Tope linakula dawa.

Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kidonge ao alichokupa mtu wa afya. Usiongeze kwa kukisia.

Dakika 30 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa kwa maji ya kawaida. Kwa maji ya ziwa, ngoja saa nzima kama unaweza. Mtoto akilia kiu, mpe yaliyotengenezwa jana, siyo yaliyotiwa dawa sasa hivi.

Ukiwa na makaa, chemsha mpaka maji yaruke kwa mapovu makubwa. Ukoko utakaobaki usikutishe.

Weka maji ya kunywa kwenye bidoni yenye mdomo mdogo na kifuniko. Mkono usiingie. Maji mengi yanachafuka nyumbani baada ya kuchotwa yakiwa safi.

Kwa kufua na kuosha, kinga maji ya mvua. Ni mepesi, yanaokoa sabuni. Na mkono unaooshwa na sabuni kidogo isiyotoa povu ni bora kuliko mkono ambao haukuoshwa.

Mtu akianza kuharisha kama maji ya mchele, mpe maji yenye chumvi na sukari ao pakiti ya SRO, na mpeleke kituoni mara moja. Usingoje asubuhi.

Haki iliyoandikwa

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kupata maji safi ya kunywa na umeme inahakikishwa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua njia ya mikoa kushika sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo robine yenye maji ni deni lililoandikwa, na deni hilo linamhusu mkaaji wa zamani wa Mulongwe sawa na mhami aliyefika jana akiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja.

Tunapokutana na viongozi, tuulize maulizo yaliyo sawa. Tukiwauliza kwa nini maji ya ziwa yana chumvi, watatujibu kwamba ndivyo Mungu alivyoyaumba, na hawatakosea sana. Tuwaulize haya: mtambo ulisimama siku ngapi mwezi huu? Ulisimama kwa sababu gani, umeme, tope ama dawa? Robine ya jamii iliyo karibu na wahami inafunguliwa saa ngapi? Nani analinda msitu juu ya mto tunaokunywa? Maulizo hayo yana majibu ya hesabu, na katika mji huu hesabu hiyo imekwisha kuonyesha uzito wake.

Na wewe uliyefika juzi kutoka milimani, unayekumbuka chemchemi ya kwenu: sabuni yako haijaharibika, na maji ya hapa hayajalaaniwa. Ni Ruzizi unaoleta chumvi ya volkano, kama ulivyofanya kwa maelfu ya miaka. Hiyo chumvi tutaishi nayo. Robine kavu ndiyo tusikubali kuizoea.